Snokeli kwa mara ya kwanza: uingilie ufukweni au upande boti?

Kisiwani, siku ya kwanza huishia kwenye usingizi na kivuli. Siku ya pili macho yanaanza kuizoea bahari, na hapo unawaona: watu wamelala kifudifudi juu ya maji, migongo imetokeza, mirija imesimama wima, na hawaendi kokote. Hiyo ndiyo snokeli: kutazama chini ya maji huku ukipumua kwa mrija. Baadaye wanatoka na alama ya miwani usoni, wanaulizana "umemwona yule?" Nawe unatamani kuona walichokiona.

Hapo unakutana na njia mbili. Kuna boti inayoondoka asubuhi kwenda kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbali, ina vifaa na kiongozi wa msafara. Kuna pia kukodi miwani na mrija, ukatembea hatua chache mpaka majini, ukaingia mwenyewe. Wengi hukimbilia boti kwa sababu picha zote nzuri zimepigwa huko. Hata mimi nilikimbilia boti. Leo mgeni wa snokeli akiniuliza, namwelekeza ufukweni kwanza, isipokuwa pale ambapo ufukwe wenyewe haufai, na mahali kama hapo ni pengi kuliko watu wanavyodhani.

Kamba ya nanga na maji ya kiuno

Boti yetu ilitia nanga mahali penye kina cha kama mita nane. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba kivuli cha boti kilionekana chini mchangani. Niliruka pamoja na wengine. Wimbi dogo likapita juu ya mrija, nikavuta chumvi badala ya hewa, nikainua kichwa, na miguu ikateremka yenyewe kutafuta pa kukanyaga. Hapakuwa na pa kukanyaga. Najua kuogelea, lakini mtu akikosa hewa na ardhi kwa wakati mmoja, mwili unasahau ujuzi wote. Nilishika kamba ya nanga kwa mikono miwili nikabaki hapo mpaka kiongozi alipoita watu warudi. Nakumbuka mwani mfupi wa kijani ulioota kwenye kamba ile, ulivyokuwa unateleza vidoleni. Wenzangu walimwona kasa.

Siku mbili baadaye niliingia kwenye maji ya kiuno mbele ya mahali tulipolala. Nikapiga magoti mchangani, nikatia uso majini, nikapumua. Hofu ikija, nasimama. Nilisimama mara nne au tano, kisha haja ya kusimama ikaisha. Nilisikia kabla sijaona: mlio mkavu, kama mtu anatafuna chumvi ya mawe karibu na sikio langu. Nikageuza kichwa taratibu. Alikuwa pono wa kijani na waridi, anamega jiwe kwa mdomo wake mgumu kama wa kasuku, na nyuma yake anaacha kijiwingu cha mchanga mweupe. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa fukwe nyingi za visiwa vya joto imepita kwenye matumbo ya samaki wa jamii hiyo. Asubuhi ile nilikuwa nautazama ukitengenezwa, umbali wa mkono mmoja, na mgongo wangu ukiungua jua bila mimi kujua.

Ufukweni unaweza kusimama

Watu wakilinganisha njia hizi mbili huuliza wapi kuna samaki wengi. Kwa anayeanza, swali la kwanza liwe: nikitaka kuacha, naweza kuacha sasa hivi?

Kupumua kwa mrija ni kazi ngeni kwa mwili. Pua imezibwa, maji yanabana kifua, na sehemu ya hewa uliyoitoa inabaki ndani ya mrija unaivuta tena. Ndiyo maana mrija haurefushwi ovyo; wa kawaida hauzidi sentimita 40 hivi. Mwenye wasiwasi hupumua kifupi kifupi, kwa hiyo hewa ile ile iliyokwisha kutumika inakwenda na kurudi mrijani, na wasiwasi unapanda. Dawa yake ni pumzi ndefu za polepole. Huwezi kuzipata kwa kuamriwa. Zinakuja mwili ukishaamini kwamba uko salama, na mwili huamini upesi zaidi miguu inapojua mchanga uko wapi.

Huko Hawaii, ambako wageni wengi wamefariki wakiogelea kwa snokeli, watafiti waliochunguza visa hivyo walionya kwamba si kila aliyekufa alianza kwa kumeza maji. Ugumu wa kuvuta hewa kupitia kwenye mrija unaweza kuchangia mapafu kujaa majimaji yanayotoka ndani ya mwili wenyewe. Dalili yake ni pumzi kukatika na nguvu kuisha ghafla, mara nyingi bila kupiga kelele wala kurusharusha mikono. Ushauri wao ni mwepesi kukumbuka: kaa pale unapoweza kugusa chini bila taabu, ukiona pumzi inakatika simama, vua miwani, pumua taratibu, na utoke majini papo hapo. Mwenye tatizo la moyo au la mapafu amwone daktari kabla hajashika mrija. Kwenye mita nane za maji, sehemu ya kwanza ya ushauri huo haiwezekani.

Kuna jambo jingine linaloupa ufukwe uzito, nalo ni rangi. Maji hunyonya mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine, na ndani ya mita chache tu chekundu kinaanza kuonekana cha kahawia, kisha kijivu. Tumbawe lililo mita moja na nusu chini ya uso wako lina rangi zake zote. La mita nane limeshaanza kuwa la buluu. Kwa hiyo usidhani kwamba kina kifupi ni mchezo wa watoto. Kama mwamba wa pwani uko hai, utaona huko mambo ambayo aliye juu ya maji marefu anayaona kama kwenye picha iliyofifia.

Faida nyingine ya ufukweni ni wakati. Unaingia dakika kumi, unatoka, unaota jua, unarudi. Maji hupoteza joto la mwili kwa kasi takriban mara 25 kuliko hewa, na hata bahari ya uvuguvugu humfanya mtu atetemeke baada ya saa moja. Boti ina ratiba yake, na ukishatetemeka unakaa juu ya ubao ulioloa ukiwasubiri wenzako.

Ufukwe gani haufai

Sasa upande wa pili. Visiwa vingine mwamba umeambatana na pwani. Ukitembea majini umefika. Bonaire, katika Karibi, inasifika kwa hilo: mwamba unaanza karibu na ufukwe, na bahari inayoizunguka imehifadhiwa tangu mwaka 1979. Visiwa vingine vina wangwa mpana wa mchanga na nyasi za bahari, na mwamba uko mbali huko mawimbi yanakovunjikia. Caye Caulker ya Belize iko hivyo. Ukitaka kuona matumbawe, unapelekwa kwa boti. Kabla hujachagua lolote, simama ufukweni utafute ule mstari mweupe wa mawimbi. Ukiwa mbali sana na wewe, ufukweni utaona nyasi, vijisamaki vya mchanga, pengine samaki taa aliyejifukia, basi. Kwa mazoezi panatosha kabisa. Kwa matumbawe, lipia boti.

Kisha tazama upepo na maji. Upande wa joshini, ule unaopigwa na upepo, bahari huchafuka na mchanga hutibuka. Upande wa demani, ule uliokingwa na kisiwa, maji hutulia. Asubuhi mapema mara nyingi ni bora kuliko alasiri kwa sababu upepo haujaamka. Wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupwa sana na kujaa sana, na mikondo huwa na nguvu. Wakati wa maji mafu, mwendo wake ni mdogo. Kuna bahari ambazo tofauti hiyo ni ya shubiri chache tu, na kuna ambazo bahari inakimbia mpaka unabaki unatembea juu ya mwamba mkavu. Ulizia ya hapo ulipo. Mahali penye kupwa na kujaa kukubwa, mimi huingia maji yakiwa yanajaa, yamebakiza kama saa moja kufika kilele: maji safi ya bahari kuu yanaingia, mwamba umefunikwa vya kutosha nisiukwaruze, na mkondo unakaribia kutulia.

Kinachonitisha ufukweni ni mlango wa mwamba. Mawimbi yanayovuka juu ya mwamba yakiingia ndani lazima yarudi, nayo hurudi kupitia kwenye pengo. Kutoka nchi kavu pengo hilo linavutia macho, kwa kuwa mawimbi hayavunjiki pale na maji yanaonekana yametulia. Ni mto unaokwenda baharini. Kaa mbali nalo, hasa maji yanapotoka. Kabla ya kuingia popote, angalia jani au povu linaloelea kwa dakika chache. Likikimbia kama mtu anayetembea, siku hiyo haifai. Likienda polepole, anza kuogelea kuelekea linakotoka, ili ukichoka mkondo ukurudishe ulikotokea. Ukikokotwa, usishindane nao. Kata pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka mkondo ulegee, ndipo urudi.

Miguu nayo ina maswali yake. Mawe ya pwani ndiko wanakokaa wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao ukikatikia ndani ya ngozi unatesa kwa siku nyingi. Samaki-jiwe hujilaza chini akifanana na jiwe, na sumu yake ni kali mno. Vaa viatu vya majini, buruta nyayo mchangani badala ya kuzipiga, na usikanyage tumbawe hata kama umechoka. Kuna matumbawe yanayokua milimita chache tu kwa mwaka. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinaweza kuwa na umri wa miaka mingi, na kisigino kimoja kinakivunja. Ndiyo maana nasisitiza mchanga: ufukwe mzuri wa kujifunzia ni wenye njia ya mchanga katikati ya mawe, ya kuingilia, kusimama na kutokea.

Boti inaposhinda

Boti inashinda pale mwamba ulipo mbali, au pwani ikiwa imetibuka au imekufa. Matumbawe ya kina kifupi huumia sana bahari inapopata joto: hufukuza vijimea vidogo vinavyoishi ndani yake na kubaki meupe, na joto lisipopungua hufa. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Kwa hiyo pwani iliyosifiwa miaka kumi iliyopita huenda leo ni mawe yaliyofunikwa na mwani, na mtu wa boti ndiye anayejua ni wapi bado pako hai.

Boti inashinda pia kwa aliye peke yake. Kuogelea kwa snokeli bila mwenzako hakufai hata kwenye maji ya kiuno. Kama umesafiri mwenyewe na hakuna wa kuingia naye, kundi lenye kiongozi makini ni salama kuliko ufukwe mtupu. Kiongozi mzuri ana macho ambayo wewe bado huna: anakuonyesha pweza aliyejigeuza jiwe, au kichwa cha samaki mkunga kinachochungulia pangoni.

Lakini boti zinatofautiana sana, na hapa ndipo ningependa uwe mkali. Uliza wanakotia nanga kuna kina gani, na kama kuna fungu la mchanga karibu ambapo anayeanza anaweza kusimama. Hilo likiwepo, boti inakuwa na faida ya ufukwe ndani yake, nami nitaichagua hata kama mwamba wake si maarufu. Uliza nani anaingia majini na kundi na nani anabaki juu akitazama; mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili. Tazama kama kuna ngazi, kwa sababu kujipandisha botini kwa mikono baada ya saa moja majini kunawashinda wenye nguvu. Jaribu jaketi la kuokolea mkiwa bado nchi kavu. Hakikisha injini imezimwa kabla ya mtu yeyote kushuka au kupanda.

Na hesabu. Januari 1998, kwenye miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef huko Australia, boti iliondoka ikawaacha wazamiaji wawili Wamarekani baharini, na haikugundulika mpaka siku mbili baadaye. Hawakuonekana tena. Wao walikuwa wazamiaji wa mitungi ya hewa, lakini somo la kuhesabu watu ni lile lile. Tangu niliposoma habari ile, huwa najitambulisha kwa nahodha mapema na kumwambia tuko wangapi. Nikimwona anahesabu vichwa kwa kidole kabla ya kung'oa nanga, namheshimu mtu huyo.

Ukiona boti inamwaga chakula majini ili samaki wakusanyike, utapata picha, sawa. Samaki wanaofundishwa kula mkate huacha kazi yao ya kula mwani, na mwani usipoliwa hulisonga tumbawe. Mimi boti hiyo siipandi.

Kichefuchefu: kaa katikati, tazama upeo wa bahari, na kama una dawa imeze kabla ya kuondoka, kwa sababu kikishaanza umechelewa.

Miwani ni muhimu kuliko mahali

Safari nyingi za kwanza huharibiwa na miwani, si bahari. Ya kukodi ipime hivi: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, ondoa mkono. Ikibaki imenata, inakufaa. Ikidondoka, jaribu nyingine, hata kama ni ya kumi. Unywele mmoja uliobanwa chini ya mpira unatosha kupitisha maji, na wenye masharubu mazito watavujisha kidogo hata wafanyeje. Mkanda usiukaze kupita kiasi, kwani kukaza hupindisha mpira na maji huingia zaidi. Ukungu unazuiwa kwa mate: yapake ndani ya kioo, suuza mara moja, vaa. Na kabla hujaondoka kwenye maji ya kiuno, jaze miwani maji kwa makusudi, bonyeza ukingo wa juu kwenye paji la uso, pumua nje kwa pua, maji yatoke kwa chini. Fanya mara tatu. Ukishajua kwamba maji yakiingia unaweza kuyatoa, woga mwingi unaisha.

Siku hizi kuna miwani inayofunika uso mzima, unapumua kwa pua na mdomo kama kawaida. Nauelewa mvuto wake. Anayechukia kuuma mpira anaona amekombolewa. Bado namshauri anayeanza achukue ile ya kawaida. Ya uso mzima ina nafasi kubwa ndani, na vali zake zisipofanya kazi vizuri hewa chafu hurudi kwako. Ukipata taabu, mrija wa kawaida unautema kwa sekunde moja. Ya uso mzima lazima uivue kichwani. Na huwezi kubana pua kusawazisha masikio, kwa hiyo ukitaka kushuka mita mbili kumwangalia samaki, haikuruhusu. Mrija wenyewe uwe wa kawaida pia, usio na mapambo mengi ya kuzuia maji, maana kila kizuizi kinaongeza kazi ya kuvuta hewa.

Mapezi ya miguuni ni ya lazima kwenye boti, kwa sababu ya mkondo. Kwenye maji ya kiuno yanazuia kusimama, yaache. Jaketi au boya la kiunoni livae kokote unakoanzia, hata kama unajua kuogelea, kwa sababu anayeelea bila juhudi ndiye anayetazama.

Kwa mgongo, shati la mikono mirefu linashinda mafuta ya jua. Halifutiki majini na haliachi kitu juu ya matumbawe. Palau tangu 2020, na Hawaii tangu 2021, zimepiga marufuku kuuza mafuta ya jua yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda miamba yao. Mafuta yasiyo na kemikali hizo yapake sehemu ambazo nguo haifiki: nyuma ya magoti, shingo, masikio.

Kama una siku moja tu

Mwenye siku mbili, jibu langu ni jepesi: ya kwanza ufukweni, ya pili kwenye boti. Mwenye siku moja asiache kujifunza kwa ajili ya haraka. Aamke mapema, achukue vifaa vyake kabla boti haijaondoka, aingie kwenye maji ya kiuno kwa nusu saa akiwa na mwenzake. Avute pumzi, ajaze miwani maji na kuyatoa, asimame kila anapotaka. Nusu saa hiyo ikimkalia vizuri, apande boti yenye ngazi, nahodha anayehesabu na fungu la mchanga karibu. Isipomkalia vizuri, aiache boti iende, abaki palepale kwenye mchanga, atie tena uso majini, asikilize kama pono yuko karibu.